Cherehani na Kipanya cha Gololi

Machi 6

Mvua imeanza leo asubuhi, na Shangazi ameingia nayo mlangoni. Nilifungua nikamkuta kasimama kibarazani, mtandio umemganda mabegani, na nyuma yake dereva wa teksi kakumbatia cherehani kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mwambie huyu asilishike gurudumu, atalipinda."

Paa la nyumba yake linavuja, kasema. Atakaa kwangu wiki mbili tatu, mvua ikitulia anarudi kwake. Nikasema karibu, na nilimaanisha. Kisha nikakumbuka kwamba kwangu kuna chumba kimoja cha kulala, sebule, na meza moja.

Cherehani imewekwa mezani, upande wa dirisha, kwa sababu ya mwanga, na pedali yake, iliyokuja kwenye buti ya teksi, iko chini ya meza, mkanda umepita ukingoni. Upande wa dirisha ulikuwa wangu. Kompyuta nimeisukumia ukutani, na nafasi iliyobaki ya kusogezea kipanya inatosha kikombe na kisosi chake, basi.

Shajara hii nimeagizwa na daktari wa viungo. Mimi ni mchoraji wa picha za vitabu, nachora kwa kompyuta. Tangu kibao changu cha kuchorea kilipokufa nimekuwa nikichora kwa kipanya cha kawaida, kutwa nzima, mpaka kifundo cha mkono wa kulia kimegoma. Daktari kasema niandike kila siku mkono unaumaje. Na mbele yangu kuna kitabu kizima cha hadithi ya watoto, kinachotakiwa kabla msimu huu wa mvua haujaisha.

Leo: unauma nikibana, unauma nikiachia.

Machi 7

Mkono: unauma. Mvua: ipo. Shangazi: yupo.

Machi 10

Cherehani inatikisa meza. Nikivuta mstari wa mkia wa mbuzi, Shangazi anakanyaga pedali, na mkia unakwenda kuishia kwenye sikio. Leo nimevumilia mpaka saa sita.

"Shangazi, ungeshona kidogo, halafu upumzike kidogo, nami nichore pale unapopumzika."

Akanitazama juu ya miwani. "Kijiti, mimi nimeshona miaka yote hiyo na wewe ukifanya hesabu za shule kwenye meza moja nami. Ulifeli?"

"Sikufeli."

"Haya."

Kijiti ndiye mimi. Alinipa jina hilo siku baba aliponileta kwake. Mama alikuwa amefariki, baba ni dereva wa malori ya safari ndefu, na mimi nilikuwa na miguu myembamba iliyotoka chini ya gauni kama njiti za kiberiti. Shangazi hakunikumbatia. Alinipima kwa macho toka bega hadi goti, akachukua kitambaa, na kesho yake nilikuwa na gauni jipya. Niliishi kwake mpaka nilipomaliza shule. Alikuwa mkali. Ndivyo ninavyomkumbuka: mkali, na sauti ya cherehani.

Mkono: unauma hadi kwenye kiwiko.

Machi 11

Mvua. Nimechora jani moja.

Machi 14

Leo tumekwenda kununua kipanya kingine. Nasema tumekwenda kwa sababu nilipovaa viatu Shangazi naye alikuwa ameshavaa vyake.

Daktari ndiye aliyenitajia wazo. Kuna kipanya ambacho chenyewe hakisogei. Kinakaa palepale kama kobe, na juu yake kuna mpira. Unazungusha mpira kwa vidole, mshale kwenye skrini unakwenda. Kifundo cha mkono hakina kazi. Mimi nakiita kipanya cha gololi. Kwa meza yangu ya sasa, yenye nafasi ya kisosi, nilikiona kama kimetengenezwa kwa ajili yangu.

Duka ni la kijana mmoja wanayemwita Miwani, kwenye ghorofa ya chini ya jengo la posta ya zamani, mlango umezibwa nusu na ndoo ya kukingia maji ya dari. Nikamweleza: nachora, mkono unauma, mfuko wangu si mrefu. Akaingia nyuma, akarudi na maboksi matatu.

Cha kwanza kilikuwa kizuri mno. Hakina waya, kimelala upande kidogo kama kinakusikiliza, gololi yake inazungushwa kwa kidole gumba. Nikakipenda. Nikauliza bei, nikakirudisha mezani taratibu, kama mtu aliyeshika yai la mwenzake.

Cha pili kilifanana nacho, ila kina waya na plastiki yake ni nyepesi. Bei yake ni ya kibinadamu. Nikakijaribu kwenye kompyuta ya dukani. Kinakwenda vizuri. Nilikuwa karibu kusema nifungie hiki, Shangazi akauliza:

"Wapi hasa panapokuuma?"

Nikamwonyesha. Kifundo, na mshipa unaopanda hadi shina la kidole gumba.

"Sasa mbona unakipa kazi kidole kilekile kinacholia?"

Miwani akacheka, akasema mama ana hoja. Akafungua boksi la tatu. Hiki kilikuwa kifupi na kipana, gololi imekaa katikati, nyekundu, kubwa kiasi cha limau dogo. Unaizungusha kwa vidole viwili vya kati, na kwa kuwa pande zake mbili zinalingana, unaweza kukitumia kwa mkono wowote. Kina waya mrefu. Kimetumika kidogo, kasema, kilirudishwa na ofisi moja iliyofunga, ndiyo maana bei yake imeshuka karibu na ya kile cha pili.

Nilisita kwenye waya. Meza yangu ina nyaya za kutosha, nikasema, kuna waya wa taa, wa kompyuta, wa spika.

"Kisicho na waya kinakula betri, dada," akasema Miwani, "na betri huisha ukiwa katikati ya kazi, haziishi ukiwa umelala. Kwa mtu wa kuchora, cha waya hakikati mawasiliano. Na ukitaka bei ndogo na kitu kizima, utalipia kazi ya mpira, si mapambo."

"Chukua cha waya," akasema Shangazi. "Hicho kingine kitapotelea kwenye vitambaa vyangu, siku moja nikishonee ndani ya suruali ya mtu."

Kabla ya kufunga boksi Miwani alisukuma gololi kwa chini, ikatoka, akanipa niishike nione ilivyo laini. Ikakaa kiganjani. Sijui kitu gani kilinipata. Nilirudi ghafla uani kwa Shangazi, chini ya kamba ya nguo, magoti yamejaa vumbi, na binamu yangu akinipigia kelele kwamba gololi yangu imevuka mstari. Binamu ndiye mtoto pekee wa Shangazi. Tulimwita Bosi tangu utotoni kwa sababu kila mchezo yeye ndiye aliyetunga sheria, na kila sheria ilimpendelea yeye. Hata hivyo gololi nyekundu aliniachia mimi siku zote.

Nikamwambia Miwani afunge.

Machi 15

Nimejaribu kuchora mbuzi. Nimepata kiazi.

Machi 16

Kiazi kingine. Shangazi amesimamisha cherehani ili acheke vizuri.

Machi 17

Gololi ni kama mtoto mtundu, ukiigusa tu inakimbia. Mshale unaruka kutoka pembe hii ya skrini hadi ile. Mkono hauumi, hilo niliseme. Lakini mkono usiouma na usiochora ni wa nini? Nimekitazama kipanya cha zamani kule kwenye droo kwa macho ya huruma.

Machi 21

Nimeanza kukielewa. Kwanza, nimepunguza mwendo wa mshale mpaka unatembea kama mtu aliyeshiba. Pili, nimeacha kuvuta mstari mzima kwa mkupuo mmoja; hapo gololi haikubali, na nadhani haitakubali kamwe. Sasa naweka nukta. Nukta kwenye pua ya mbuzi, nukta kwenye paji, nukta kwenye pembe, halafu naukunja mstari kati ya nukta na nukta mpaka ulale ninavyotaka. Kwa kazi hiyo hakuna kama gololi. Nikiiachia, mshale unabaki palepale, hautetereki hata cherehani ikiunguruma. Tatu, kitufe cha pembeni nimekipa kazi ya kufuta kosa la mwisho. Hicho ndicho ninachokibonyeza zaidi.

Jioni Shangazi kasogea kuangalia.

"Kumbe unapiga pini kwanza, halafu unashona."

"Ndiyo, Shangazi. Ndivyo hasa."

"Mbona nilikufundisha hivyo zamani?"

Kweli alinifundisha. Nilianza kuchora chini ya meza yake, kwenye karatasi kubwa za mitindo zilizokwisha kazi, kwa chaki ya fundi cherehani. Alikuwa akinikaripia nisikanyage vitambaa. Lakini chaki ilikuwapo kila siku, na ilipokuwa ikiisha ilipatikana nyingine. Sikuwahi kujiuliza nani alikuwa akiiweka pale.

Mkono: nafuu.

Machi 27

Gololi imekwama. Inakwenda kushoto tu. Nikafikiri Miwani kanipiga. Shangazi akaitoa, akachungulia ndani ya tundu, akatoa pini kwenye kola yake, akavuta utepe wa nyuzinyuzi za pamba uliojiviringisha kwenye vigurudumu vya ndani, mrefu kama sharubu.

"Uchafu wa kwangu huu," kasema. "Samahani."

Sikumbuki kumsikia Shangazi akisema samahani kabla ya leo. Tumekubaliana kila Jumamosi asafishe bobini yake, kile kikorokoro cha uzi wa chini, nami nisafishe gololi yangu, tukikaa upande huu na huu wa meza kama mafundi wa karakana moja.

Aprili 1

Mvua kubwa. Wiki tatu zimepita, hakuna anayezitaja. Shangazi kasema, "Mvua ikitulia nakwenda zangu." Nikasema sawa.

Aprili 3

Mhariri wa kitabu amepiga simu. Amezipenda picha za wanyama. Picha ya nyumba hajaipenda. Hadithi yote inazunguka nyumba ya bibi ambako msichana anakwenda kuishi, na picha yake inachukua kurasa mbili zinazotazamana.

"Hii uliyochora ni nyumba ya tangazo la benki," kasema. "Nataka nyumba ambayo mtoto akiiona atatafuta mlango."

Aprili 5

Nyumba nyingine. Hapana, kasema mhariri. Sasa ni ya kalenda.

Aprili 6

Mvua. Nimekaa tu, nazungusha gololi bila kuchora kitu.

Aprili 9

Leo nimeacha kubuni. Nimechora nyumba ya Shangazi.

Nilianza na mlango wa mbele, nukta baada ya nukta, na vitu vikawa vinakuja vyenyewe. Dirisha lenye nondo moja iliyopinda, ambayo Bosi aliipinda alipojaribu kuingia bila ufunguo. Kamba ya nguo. Pipa la maji ya mvua. Ubao mdogo ukutani ulioandikwa USHONAJI WA KILA AINA, na herufi ya mwisho imebanwa kwa sababu nafasi ilimwishia mwandishi. Nilichora kutwa nzima bila kunyanyuka, na mara ya kwanza tangu msimu uanze sikumsikia Shangazi akishona. Nilipogeuka nikajua kwa nini. Alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mlango wa jikoni uko chini zaidi," kasema.

Nikaushusha.

"Zaidi. Baba yako aligonga kichwa pale kila alipokuja. Kila mara. Na kila mara analaumu mlango."

Nikaushusha tena. Akavuta kiti.

"Pale chini ya dirisha palikuwa na kopo la maua."

"Maua gani?"

"Hayakuwahi kuchanua, nitajuaje?"

Tukacheka mpaka nikaachia gololi. Akaniambia niikuze picha, nikaikuza mpaka dirisha likajaa skrini nzima. Ndani ya dirisha sikuwa nimechora kitu, ni rangi ya giza tu.

"Hapo ndipo nilipokuwa nakaa kushona," kasema. "Nilichagua dirisha hilo ili nikuone ukitoka shule. Ulikuwa unakuja umeinamisha kichwa, unahesabu mawe. Siku ya kwanza uliyokuja umenyanyua kichwa nikajua sasa huyu atakaa."

Miaka yote nilidhani dirisha lile lilikuwa la kunichunga nisichelewe.

Nikamwuliza niweke nini ndani ya dirisha. Akafikiri. "Weka taa," kasema. "Watu wakiona taa watajua yuko mtu."

Aprili 10

Mhariri: "Hii hapa! Ulikuwa umeificha wapi?" Ila ana ombi moja dogo. Ukuta wa nyuma, unaoonekana kwa pembeni, nimeuchora umelalia upande. Niunyooshe.

Niliuchora hivyo kwa sababu ndivyo ulivyo. Nimemwambia nitaufikiria.

Aprili 12

Jumamosi. Bobini, gololi. Mkono: sijaukumbuka kutwa nzima.

Aprili 17

Bosi amepiga simu. Yuko mbali, kazini kwake, na simu zake huwa fupi. Ya leo ilikuwa ndefu.

Ukuta wa nyuma umeanguka. Jirani ndiye aliyempigia. Umeanguka juzi mchana, mvua ikinyesha, na umevuta nusu ya paa. Hakuna aliyeumia kwa kuwa hakukuwa na mtu. Bosi ameagiza mafundi washushe bati zilizobaki na kubomoa kuta nyingine kabla hazijamwangukia mtoto wa watu.

"Na kujenga upya?" nikamwuliza.

"Dada, pale maji yanapita chini. Hata tukijenga, utaanguka tena. Sijengi."

"Umemwambia?"

"Wewe ndiye uko naye. Wewe utajua kumwambia. Ila usimwambie kwanza, mpaka mafundi wamalize, la sivyo atakwenda kukaa mlangoni kuwazuia."

Nikasema haya. Nimeikata simu nikaona nimekubali kitu kibaya. Shangazi alikuwa jikoni, akiimba wimbo usio na maneno. Akauliza nani alikuwa anapiga.

"Mhariri," nikasema.

Aprili 18

Mvua. "Ikitulia nakwenda zangu," kasema Shangazi. Nikasema sawa.

Aprili 19

Mvua. "Ikitulia nakwenda." Sawa, Shangazi.

Aprili 21

Siwezi kuifungua ile picha. Nachora kurasa nyingine, za sokoni, za mtoni. Nachora vibaya. Shangazi kauliza kama mkono umeanza tena. Nikasema ndiyo. Akaenda akachemsha maji, akaukanda kwa kitambaa, akanifunga, akakaa ameushika mkono wangu mzima kama kitu chake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Aprili 24

Nimemwambia.

Umeme ulikatika baada ya chakula cha mchana. Kompyuta ikazima, sebule ikawa ya kijivu, mvua inapiga dirisha. Cherehani ya Shangazi haihitaji umeme. Alikuwa akishona mikono ya gauni la jirani wa juu, miguu yake inakwenda kwenye pedali kwa ule mwendo ninaoujua kuliko mwendo wangu mwenyewe. Sikuwa na skrini ya kujifichia. Nikasogeza kiti.

"Shangazi, kuna jambo Bosi aliniambia wiki iliyopita. Nimekaa nalo, na sikupaswa kukaa nalo."

Miguu haikusimama.

"Ukuta wa nyuma umeanguka. Ukavuta paa. Mafundi wamebomoa kuta zilizobaki ili zisimwangukie mtu. Nyumba haipo, Shangazi."

Alishona mpaka mwisho wa mkono wa gauni. Akanyanyua mguu, akakata uzi, akalikunja gauni.

"Ule wa nyuma?"

"Ndiyo."

"Ule ulikuwa ukiniaga tangu mwaka juzi." Alikuwa akitazama dirishani. "Wewe, mtu anayekwenda kukaa wiki mbili hubeba cherehani? Nguo mbili na mswaki zinamtosha. Mimi nilijua siku ile namwita yule dereva. Nilipofunga mlango niliuvuta mara mbili, kama mjinga, kana kwamba kuna mtu atakuja kuiba ukuta."

"Mbona kila siku ulikuwa ukisema unarudi?"

"Nami ningesema nini? Ningekuja kwa mtu mwenye meza moja nimwambie nimehamia?"

Nikataka kulia, nikajizuia, kwa sababu yeye hakuwa analia. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Alikupigia wewe?"

"Ndiyo."

"Wiki nzima iliyopita. Akakupigia wewe."

Hapo ndipo uso wake ulipoharibika. Nyumba alishaiaga, lakini hili lilimkuta hajajiandaa. Akaniomba simu. Nikampigia Bosi, nikampa, nikataka kutoka, akanionyesha kwa mkono nikae.

"Ni mama yako," kasema. "Hapana, sikiliza. Nimeshaambiwa. Sigombani nawe kuhusu ukuta, ukuta ulikuwa mbovu na umefanya vizuri kubomoa. Nakuuliza kitu kimoja. Siku nikifa, utampigia nani kuniambia?"

Sikusikia Bosi alijibu nini. Nilisikia tu kwamba sauti yake ilikuwa imepoteza ubosi wote. Walizungumza muda mrefu. Katikati Shangazi alisema, "Usilie kazini, watu watakuona," na baadaye, "Nimekula, ndiyo. Nawe umekula?" Alipomaliza alinirudishia simu, akakaa mikono mapajani.

"Na wewe," kasema. "Ukinificha kitu tena nitakushonea mdomo kwa uzi wa magunia."

"Ndiyo, Shangazi."

"Hapa patanitosha?"

"Patakutosha. Hata pasipotosha."

Aprili 25

Hakushona leo. Nimechora kutwa nzima kwenye meza tulivu isiyotikisika, na sijawahi kuchora taratibu hivi.

Aprili 26

Hakushona.

Aprili 27

Hakushona. Amelala mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Jirani wa juu amekuja kuulizia gauni lake, nikamwambia lina kazi kubwa kwenye kola.

Aprili 29

Asubuhi amekuja akakaa kwenye kiti changu. "Nifungulie nyumba yangu," kasema.

Nikafungua. Akakaa anaitazama. Kisha akaweka vidole viwili juu ya gololi, bila kuniuliza, akaisukuma. Nilikuwa nimeikuza sana na kuiweka gololi isogeze picha badala ya mshale, kwa hiyo picha ikaanza kupita polepole: pipa, kamba, kopo la maua yasiyochanua, ule mlango wa kugongea kichwa. Aliizungusha kwa wepesi ambao mimi niliupata baada ya wiki nzima ya viazi. Akafika nyuma ya nyumba, akasimama.

"Huu umeuchora kama ulivyokuwa."

"Mhariri anataka niunyooshe. Sijakubali."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo ulivyokuwa."

"Kijiti, hao watoto wa kwenye kitabu wana kosa gani? Wanataka kulala ndani. Wanyooshee ukuta."

Tukabadilishana viti. Nikaweka nukta mpya juu, nikaivuta kulia, nikaiachia. Akasema bado. Nikaivuta tena. Akafumba jicho moja, kama anavyofanya akitazama pindo la sketi.

"Hapo," kasema. "Acha hapo."

Ukuta umesimama wima. Mchana nikasikia pedali.

Mei 3

Jumamosi. Bobini, gololi. Bosi amepiga, amemtaka mama yake moja kwa moja.

Mei 9

Manyunyu tu. Wateja wa Shangazi sasa ni wanne kwenye jengo hili, na wote wananiita binti wa fundi. Mimi ninayelipa kodi.

Mei 15

Nimetuma kurasa zote. Mhariri kaandika neno moja tu, asante, na alama nyingi za mshangao. Daktari kauliza nilichagua kipanya gani. Nikamwambia cha bei nafuu, cha waya, cha gololi ya katikati, kwa ushauri wa fundi nguo. Kauliza kama huyo fundi nguo anapokea wagonjwa.

Mei 24

Jua limewaka wiki nzima. Leo Shangazi kasema twende tukapaone.

Tulishuka kwenye kona ya barabara tukatembea. Yeye alikuwa mbele. Nilidhani nimejiandaa, lakini macho hutafuta kitu mahali kilipozoea kuwa, na yangu yaliendelea kutafuta paa. Mafundi walikuwa wameondoa matofali yote. Kilichobaki ni sakafu. Saruji nyekundu, imelala wazi chini ya jua kama kitambaa kilichotandikwa kabla ya kukatwa, na mistari ya kuta inaonyesha bado chumba kilianzia wapi na kiliishia wapi. Watoto wawili walikuwa wakirukaruka kutoka jikoni kwenda chumbani kwangu. Walipotuona wakasimama.

"Chezeni tu," Shangazi akawaambia. "Ila hapo mlipo ni jikoni. Msikimbie jikoni."

Wakatazama chini, wakasogea sebuleni.

Jirani akatoka, wakasalimiana kwa muda mrefu, wakashikana mikono. Nilifikiri sasa ndipo atalia. Badala yake akaomba fagio.

Akavua viatu, akaviweka pembeni, pale palipokuwa na mlango wa mbele. Akaanza kufagia kutoka chumbani kwake. Vumbi la matofali, vijiti, majani yaliyoletwa na maji. Alifagia kila chumba kwa zamu, na alipofika mwisho wa chumba alipitia mlangoni. Hakuvuka ukuta hata mmoja. Niliomba nimsaidie, akakataa. Kwenye chumba changu alifagia pembe zote, hata ile ya nyuma ya kitanda. Mwisho akakusanya takataka jikoni, akainama kidogo, kwa sababu ya ule mlango, akazitoa nje.

Sakafu ikang'aa. Mmoja wa watoto akauliza kama wanaweza kurudi kucheza. "Nawe si umeona nimewasafishia?" kasema Shangazi.

Akavaa viatu. Akamrudishia jirani fagio lake na kumshukuru.

"Twende," akaniambia. "Nina gauni la watu."

Akatangulia. Sikupata nafasi ya kutazama nyuma, maana anatembea haraka, na ilinibidi nikimbie kidogo kumfikia.